Siku Nilipopanga Diski Mbele ya Wakwe

Wapo watu hapa Kharumwa ambao mpaka leo wakinikuta kwenye msiba au kikao huniuliza kwa heshima zote, "Shikamoo Baba Kulwa, tukae hivihivi au tujipange?" na mimi huitikia marahaba na kucheka nao, kwa sababu aibu ile nilijitia mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na kipaza sauti mkononi. Afadhali niisimulie mimi, maana wengine wakiisimulia wanatia chumvi.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, na pembeni narekodi video za sherehe. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilinunua mashine mbovu, nikaifungua, nikajifunza kifaa kimoja baada ya kingine, na sioni haya kusema kwamba kazi yangu naijua. Ndiyo maana jirani yangu Mama Neema, alipokuwa anaandaa sherehe ya kumuaga binti yake, alinikabidhi jambo aliloliona kubwa kuliko keki na nyama. Bibi yake Neema, yule aliyemlea, anaishi Didia na miguu yake imekataa safari, na Neema alikuwa amesema wazi kwamba haondoki kwao bila maneno ya bibi. Nikaenda Didia, nikamrekodi bibi, nikarudi, nikaihamishia video kwenye kompyuta yangu ya mpakato, na kadi ya kamera nikaifuta ili niitumie ukumbini. (Hiyo kadi naomba muikumbuke.)

Asubuhi ya sherehe nikaijaribu video, ikawa inakwama. Bibi anafungua mdomo, anabaki hivyohivyo, kisha maneno yanakuja kwa mkupuo. Mtu mwingine angeizima kompyuta na kuiwasha tena, lakini mimi nikasema ugonjwa naujua, diski imetawanyika.

Diski ile ilikuwa ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani na mkono mdogo unaosoma juu yake. Faili kubwa likikosa sehemu moja ya kulitosha, kompyuta hulikata vipande na kuvichomeka popote penye upenyo, kimoja huku na kingine kule, na siku ya kulisoma ule mkono hukimbia huku na huku kuvitafuta, ndipo mashine inapokuwa nzito. Dawa yake ni programu ya kupanga diski, ambayo huhamisha vipande na kuvilaza mfululizo ili mkono usome bila kurukaruka. Hayo yote ni kweli na leo nayasema bila kubadili neno. Nikaianzisha programu (ninayo moja inayoonyesha miraba, myekundu kwa vilivyotawanyika na ya bluu kwa vilivyopangwa), nikaketi kunywa chai kwa amani.

Nilichosahau ni kwamba programu hiyo inahitaji nafasi tupu ya kuwekea vitu wakati inahamisha, na diski yangu ilikuwa imejaa harusi na vipaimara vya watu mpaka ukingoni. Ikawa inachukua kipande, inakiweka, inakichukua tena. Mchana ukafika, miraba bado myekundu, na simu ikaita.

"Baba Kulwa, wakwe wameshafika kutoka Geita. Uko wapi?"

"Nakuja, Mama Neema. Inapanga."

"Nani anapanga?"

"Kompyuta. Inajipanga."

"Basi mje wote," akasema, akakata.

Sikuisimamisha. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi ile faili linaweza kuharibika, na onyo hilo nikalirefusha mwenyewe, nikaamini kwamba kuisimamisha kwa njia yoyote ni kumpoteza bibi, na nakala nyingine sikuwa nayo. Bodaboda nikaikataa kwa sababu sahani inayozunguka haipendi kurushwa kwenye mashimo. Nikatembea hadi ukumbini nimeibeba wazi juu ya viganja kama sinia la chai, watu wananisalimu na mkono wa kutoa sina, na mama mmoja muuza nyanya akauliza kama huko kwenye sherehe siku hizi chakula kinabebwa kwenye kompyuta.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Upande mmoja ndugu wa Neema, upande wa pili wakwe, na katikati uwazi wa heshima, kwa sababu kwetu Usukumani mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe, na hata kupishana mlangoni hupishana kwa adabu. Nikaunganisha projekta. Ukutani, mahali alipotakiwa kutokea bibi, ikatokea miraba myekundu.

"Ndugu wageni," mshereheshaji akasema, "kumbe bibi amedarizi kitambaa."

Watu wakacheka. Mjomba wa bwana harusi, mnunuzi wa dhahabu, akadakia kutoka upande wa pili, "Mwacheni. Hata kwetu karasha ikishaanza kusaga mawe haizimwi njiani."

Hapo ningekaa kimya mambo yangeisha. Lakini mimi mtu akicheka kitu asichokielewa napata hamu ya kumwelewesha, nikaomba kipaza sauti. Nikaeleza sahani, nikaeleza mkono, nikaona nyuso zimelala, nikaamua kuonyesha kwa mfano. Nikasema ukumbi huu ndio diski, ninyi ndio vipande, na familia moja ni faili moja. Shangazi wa Neema yuko jikoni, kaka yake yuko mlangoni, sasa simameni tuwapange.

Wakasimama. (Watu wetu ukiwaambia simameni kwa kipaza sauti wanasimama, huo ndio ubaya wake.) Viti vikaanza kusogea, lakini kiti kitupu hakikuwepo hata kimoja, kwa hiyo kila niliyemhamisha ilibidi kwanza nimtoe mwingine, na huyo mwingine abaki amesimama na sahani yake ya pilau. Nikasema kwa furaha kabisa, "Mnaona sasa kwa nini kompyuta inachelewa?" Nikapunga mkono kuwaketisha wote palipo wazi, na ukumbi ulipotulia nikaona nilichokifanya. Bwana harusi alikuwa ameketi kwenye benchi, na begani kwake, bila hata upenyo wa kupitisha karatasi, alikuwa Mama Neema. Kijana alikuwa anaangalia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Mama Neema alikuwa ananiangalia mimi.

"Baba Kulwa," akasema polepole, "hii ndiyo kujipanga?"

Aliyeniokoa ni Neema. Akashuka jukwaani na gauni lake, akaja mezani kwangu, akanyoosha kidole kwenye kitufe kilichokuwa pale tangu asubuhi.

"Hiki ni cha kusimamisha?"

"Ndiyo, lakini bibi anaweza kupotea. Sina nakala."

Macho yakamjaa machozi, akaitazama miraba. "Hata hivi simuoni, baba."

Nikabonyeza mimi mwenyewe, maana kama ni kumpoteza bibi afadhali lawama iwe yangu. Programu ikamaliza kipande ilichoshika, ikafunga kwa adabu. Nikafungua video, na bibi akatokea ukutani mzimamzima, akisema bila kukwama hata mara moja.

"Mwadila, wanangu," akasema bibi. "Kabla sijasema, kila mtu ameketi upande wake? Mama Neema, mkwe wako yuko mbali nawe? Sibariki watu waliochanganyika."

Kisha akatoa ugoro, akanusa taratibu, akangoja. (Kipande hicho cha ugoro nilitaka kukikata, nikaona uvivu.) Ukumbi mzima ukainuka. Bwana harusi alikuwa wa kwanza. Wakwe wakarudi kwao, ndugu wakarudi kwao, shangazi akarudi jikoni, na bibi alipofunga kikopo chake kila mtu alikuwa mahali pake. Programu yangu ilishindwa kazi ya namna hiyo tangu asubuhi.

"Wabeja," akashukuru bibi, akaanza kumbariki mjukuu wake, na Neema akalia mpaka wanja ukamharibikia.

Baadaye nikagundua kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeiacha programu ya kuzuia virusi ikipekua diski nzima, na ndiyo iliyokuwa inaukimbiza ule mkono mpaka ilipomaliza yenyewe. Dawa ilikuwa sahihi, ugonjwa ndio haukuwa wenyewe. Siku hizi nikirekodi kitu nakiweka sehemu mbili kabla sijavua viatu, na diski nimeweka ya kisasa isiyo na kinachozunguka, ambayo haihitaji kupangwa kabisa. Na nimeapa kutoeleza tena somo hili mbele ya hadhara. Anayetaka kulielewa aje dukani peke yake, na mama mkwe wake amwache nyumbani.