Kahawa ya Kopo la Kiitaliano

Madam wangu alikuwa Mkanada, na kwa miaka mitatu nilimpikia kahawa ofisini kwake ughaibuni, kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers. Alikuwa amebuni mtambo mdogo wa kusafisha maji, akautengenezea kwao, na ulikuwa mtambo hasa. Siku moja mteja alionja maji yake akasema, "Wamarekani mnajua kazi." Madam akatabasamu, akashukuru.

Mteja alipotoka kupokea simu nilishindwa kunyamaza. "Madam, mbona hukumwambia mtambo ni wa Kanada?"

"Angeuliza kwa nini Wamarekani hawajaununua kwanza. Hata kwetu wanauliza hivyo hivyo."

Nilikasirika. Mtu mzima, na akili zote zile, anaonea haya kazi ya mikono yake.

Mteja akarudi, akamaliza kikombe, akaniuliza kahawa tamu namna hii inatoka wapi. Nikamwonyesha kopo rafuni. "Italia, sir."

Madam alinitazama, maana alijua. Kopo lile nililiokota likiwa tupu. Kahawa ilichumwa na mama yangu shambani kwetu Mbinga, na kila mwezi niliijaza humo mwenyewe.