Tawi la Pili la Isale

Unga wa brahmi niliununua Moshi mjini, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje. Ni mmea ambao Wahindi wanautumia tangu zamani. Mwenye duka alisema huenda ukasaidia kumbukumbu, ukiunywa kwa miezi, ila hakuniahidi muujiza. Mimi nilikunywa siku tisa, nikautangazia mtaa wetu wote wa Njoro kwamba kichwa changu sasa ni kompyuta.

Siku ya kumi nikakumbuka kosa langu. Krismasi tulichinja mbuzi, nami nikasahau kumpelekea baba mkwe kidari chake. Kwetu Uchaggani kosa kama hilo haliombewi msamaha mikono mitupu. Unabeba isale, mmea wetu wa kuombea msamaha. Nikakata tawi, nikapanda nalo hadi kijijini kwake Mkuu, nimejaa sifa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikapiga magoti, nikamkabidhi tawi, nikalieleza kosa lote mbele ya mashemeji, mpaka rangi ya mbuzi. Nikamalizia kwa kuusifu unga wangu, maana ndio ulionikumbusha.

Mzee akaligeuzageuza lile tawi. "Mwanangu, kosa hili uliniomba msamaha Pasaka. Nikakusamehe, tukala."

Akanyoosha kidole kuelekea migombani. Tawi la Pasaka, ambalo mama mkwe alilichomeka ardhini, lilikuwa limeshachipua majani mapya.

"Hili kalipande pembeni ya mwenzake," akasema. "Ukija kuomba tena mwezi ujao, utakata hapahapa."