Cheche Anunua Mashine Yenye Nguvu

Daktari wa koo hakuzunguka mbuyu. "Tarehe kumi na nane tunalitoa koromeo lote. Utakula, utapumua, utaishi. Ila sauti, mama, ndiyo basi."

Mgonjwa mwenyewe, mwanamke aliyeongoza nyimbo za harusi tangu bado ana meno ya utoto, aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa sukari imekwisha dukani. Aliyeomba kiti ni mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Miaka thelathini aliishika grenda bila kuziba masikio. Ukimshauri, alikuambia pamba za masikioni ni za watu wenye masikio ya kukodi. Redio yake ya nyumbani iliwahudumia majirani wanne, na wawili kati yao hawakuwahi kununua ya kwao. Usipojibiwa ulipomsemesha, kosa lilikuwa lako: watu wa siku hizi, alisema, wanaongea kama wametiwa uji mdomoni.

Mkewe alikuwa na nyimbo tisa alizozitunga mwenyewe. Hakuwahi kuziandika wala kuzirekodi. Cheche ndiye aliyempigia gitaa siku zote. Ndivyo walivyooana, yeye nyuma, mke mbele. Sasa zilibaki siku kumi na mbili.

"Tunanunua kinasa sauti," akaamua. "Kile chenye njia nyingi. Sauti yako inakaa njia yake peke yake. Magitaa nitayaongeza kwenye njia nyingine baadaye, taratibu. Hayana haraka hayo."

Dukani alikwenda na shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori mwenye mdomo usio na breki. Muuzaji, binti wa kucha ndefu, akaweka mashine mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa sawa na kipande cha sabuni, ina njia nne. Ya pili ilikuwa pana kama sinia ya chai, njia nane, na safu ya vitufe vya kuzungusha.

"Mzee, kwa nyumbani chukua hii ndogo," binti akasema. "Inajipimia sauti yenyewe. Mtu akiimba kwa nguvu, inapunguza. Akishuka, inapandisha."

Cheche akavaa hedifoni, akasikiliza ndogo. Akakunja uso. Akavaa za ile kubwa, akazungusha vitufe mpaka mwisho, uso ukafunguka.

"Hii ndiyo ina nguvu! Hiyo nyingine inanong'ona kama mmbea."

"Shemeji," dereva akasema, "hata mimi niliyesimama huku nimeisikia. Masikio hayajakupasuka?"

"Wewe endesha lori."

"Na ile inajipimia, baba," binti akajaribu tena.

"Mimi si wa kupimiwa, mwanangu. Nimepima vyuma kabla hujazaliwa."

Wakaondoka na sinia.

Studio ilikuwa chumba cha kulala. Godoro likaegemezwa dirishani, mablanketi yakatundikwa ukutani, maikrofoni ikafungwa kwenye kijiti cha chuma alichokichomelea mwenyewe, kizuri kuliko vya dukani. Koo la mke lilikuwa na nusu saa tu ya kuimba kila asubuhi. Baada ya hapo lilitoa upepo na damu kidogo. Kwa hiyo wimbo mmoja kwa siku, mara moja, basi. Mke akaimba ameketi ukingoni mwa kitanda, mume akavaa hedifoni na kuzungusha vitufe. Kila alipoona hasikii vizuri, akaongeza. Hakuongeza sauti ya hedifoni. Aliongeza ile inayoingia.

"Baba watoto," mke akauliza siku ya pili, "hicho kitaa chekundu mbona kinawaka kila nikipanda juu?"

"Kazi inaiva hiyo. Chuma kisipokuwa chekundu hakipindi."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Akamwambia ajisikilize. Mke akakataa. "Nikijisikia nitataka kurudia, na koo hili halina marudio. Wewe si umesikia? Yatosha."

Wimbo wa tisa uliisha siku moja kabla ya kulazwa. Uso wa mke ulikuwa wa majivu, lakini alicheka. "Sasa waje walichukue koromeo, limebaki boksi tupu," akasema.

Asubuhi ya upasuaji, Cheche na shemeji yake walikaa kwenye benchi la korido, mashine magotini. Wangoje nini kwa mikono mitupu? Dereva akaomba asikie. Akavaa hedifoni, akazivua kama aliyeng'atwa. Akapunguza, akavaa tena. Akarukia wimbo wa pili, wa tano, wa tisa.

"Shemeji," akasema polepole, na safari hii hapakuwa na mzaha, "nani alikuwa anakaanga humu?"

"Anakaanga nini?"

"Dada yangu yuko wapi? Nasikia mkwaruzo tu. Mwanzo wa mstari yupo, akipanda kidogo anapasuka. Zote. Zote tisa."

Cheche akasimama, akaenda mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akausukuma. Muuguzi akamzuia kwa kiganja kifuani.

"Naomba wimbo mmoja tu. Nusu wimbo. Kisha muendelee."

"Baba, ameingia tangu saa mbili. Saa hizi ni saa nne."

Baadaye fundi mmoja wa studio alijaribu siku mbili nzima. Akaeleza kuwa sauti iliyoingia kwa kuzidi hukatwa vichwa, na vichwa havirudi. Cheche hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nondo ukishaikata fupi, utairefusha na nini?

Siku ya sita mke aliweza kuketi. Shingoni alikuwa na tundu lenye bomba, mapajani daftari. Akaandika: *Leta*.

Cheche alikuwa ameandaa uongo wa kila saizi: imeibiwa, imeungua, kadi imekufa. Akaleta mashine. Akamvisha hedifoni mwenyewe. Mke akasikiliza zote tisa, kuanzia wa kwanza, bila kuruka hata mmoja, macho yake kwenye shuka. Kisha akazivua, akazikunja vizuri, akachukua kalamu. Akaandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

*Mara ya mwisho kunisikia ilikuwa lini?*

Cheche akasoma. Akatafuta harusi, akatafuta asubuhi za jikoni, akatafuta magomvi. Sura ya mkewe aliiona kila mahali, na mdomo wake ukienda bila sauti.

"Sijui," akasema, kwa sauti kubwa hata wagonjwa wa vitanda vya mbali wakageuka.