Kumjulia Hali Mgonjwa

Mahakamani walimwita Mama Herufi, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili ya kupiga chapa pale, hakuna kosa la herufi lililowahi kumpita. Mumewe alimtania kwamba hata yeye akikoroma, mkewe humtilia koma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko midomo ya mawakili, na kanuni ya kazi ilikuwa moja: andika kinachosemwa, basi. Sauti, macho, mikono inayotetemeka, hivyo havikuwa na kitufe.

Asubuhi moja alipanda kizimbani binti dobi wa hospitali. Mshtakiwa alikuwa msimamizi wa wodi, bwana nadhifu, mpole, mgawaji wa vitanda. Ndiye aliyeamua nani abaki na nani apishe. Binti alieleza kwamba bwana huyo alimkuta stoo ya mashuka, akafunga mlango, akamwingilia bila ridhaa yake. Siku hizo mama yake binti alikuwa amelazwa wodi hiyohiyo, anapumua kwa mashine, na wagonjwa wengine wamelala sakafuni wakingoja nafasi.

Sheria ilitaka nguvu au vitisho. Wakili wa utetezi akaanza kuuliza bila haraka. Alikupiga? Hapana. Alikuwa na silaha? Hapana. Ulipiga kelele? Hapana. Sasa alikutisha kwa maneno gani?

"Aliniuliza, mama anaendeleaje."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama Herufi alisikia jinsi binti alivyoyatamka maneno yale, taratibu, kwa sauti ya yule bwana mwenyewe. Vidole vikaandika: Aliniuliza mama anaendeleaje. Kwenye karatasi ilikuwa salamu tu, tena ya mtu mwenye adabu zake. Alitamani kuongeza japo neno moja, lakini hakuwa na ruhusa hiyo.

Baada ya wiki tatu akaletewa hukumu aichape. Hakimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikiri kwamba binti hakuonekana mwongo. Ila kumjulia hali mgonjwa si kitisho mbele ya sheria, na mlango kufungwa si nguvu kutumika mwilini. Mshtakiwa aachiwe huru. Mama Herufi alichapa mpaka nukta ya mwisho, bila kosa, na siku hiyo aliichukia kazi yake.

Binti akaja dirishani kuchukua nakala. Aliisoma palepale, amesimama, kidole kikifuata mistari.

"Mama, nilikosea wapi? Nionyeshe tu."

Mama Herufi alijua. Miaka yote hiyo alikuwa akiyachapa maneno yanayokubalika: kisu, nitakunyonga, nitakuua. Moja tu kati ya hayo, hata la uongo, na yule bwana angekuwa gerezani.

"Hukukosea, mwanangu," alisema. "Ulisema kweli tupu."

Binti akaendelea kusimama pale, akingoja amalizie.