Alhamisi ya Celle

Kwa miaka thelathini na mmoja, mjini Kaiserslautern, Roswitha Klamm aliandika programu za kompyuta za majiko yanayowapikia wazee na kuwapelekea chakula nyumbani. Zamani kila jiko lilipewa nakala yake, ikapunguzwa hapa, ikaongezwa pale. Kasoro moja ikitokea aliirekebisha mara kumi na saba, kwa kuwa majiko yalikuwa kumi na saba.

Alipochoka, aliomba ruhusa akaivunja programu vipande vipande. Kuagiza vyakula, kupanga njia za magari, kutunza kalenda, kila kazi ikasimama peke yake kama huduma inayoitwa inapohitajika. Kisha akaandika orodha mbili: mambo ya majiko yote, na mambo ambayo kila jiko linajichagulia. Jiko jipya likija, unachagua tu. Ilimchukua miaka miwili, Mungu akamjalia subira, na majiko yote kumi na saba, yote ya jirani, yakahamia huko. La kwanza jipya lilikuwa la Celle, mbali kaskazini. Bosi wake, Bwana Dietz, alimwambia wazi, "Hili likikwama, tunarudi kwenye nakala."

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. Ni Bi Wiebke Harms, mpishi mkuu wa Celle.

"Mama, mbona programu haijaagiza hata kiazi cha Alhamisi? Nina wazee mia mbili na kumi na wawili, na muuzaji anafunga oda saa sita!"

"Alhamisi si sikukuu ya Mwili wa Kristo, Bi Wiebke? Jiko linafungwa."

"Huko kwenu. Kwetu Alhamisi ni Alhamisi tu. Au wazee wangu wafunge kwa niaba yenu?"

Tangu utotoni Roswitha alitembea kwenye maandamano ya siku ile, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna majimbo ya Ujerumani ambako siku hiyo watu wanakwenda kazini. Sikukuu alikuwa ameziweka kwenye orodha ya mambo ya wote.

"Wape Celle nakala yao, uiondoe humo hiyo sikukuu, robo saa tu," akasema Bwana Dietz mlangoni. "Si nilikwambia?"

"Nikinakili leo, kesho ninazo mbili za kurekebisha."

"Saa sita, Roswitha!"

Akafungua huduma ya kalenda peke yake, nyingine hakuzigusa. Sikukuu akazihamishia kwenye orodha ya kuchagua, akaandika swali: jiko liko jimbo gani?

"Jimbo?" Bwana Dietz akacheka. "Augsburg wana sikukuu ya mji wao peke yao. Wakija hao utalia."

"Haya, leo mdomo wako umefanya kazi." Akafuta jimbo, akaandika mji. Akaijaribu kwa majiko yote kumi na manane. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, oda ya Celle ikaondoka.

Alhamisi alitembea kwenye maandamano, nyuma ya Sakramenti, simu imenyamazishwa mfukoni. Baada ya baraka ya mwisho akausoma ujumbe wa Bi Wiebke: "Wamekula wote. Mmoja kalalamikia chumvi." Akamwombea huyo mmoja, akaenda nyumbani kula.

Ijumaa Bwana Dietz hakutaja nakala. Alimwekea mezani fomu ya jiko la kumi na tisa, akamuuliza tu kama alipumzika vizuri.