Kemboi na Mlango wa Mbele

Hebu mtazame Kemboi akishuka gari la moshi stesheni ya Molo, saa tano asubuhi, mwaka wa 1957. Jua limewaka sawasawa, na yeye amevaa koti zito la sufu linalomfika magotini, koti la mzee wa Kizungu aliyekwisha kufa. Jasho linamtiririka lakini halivui. Wapagazi wanamcheka. Mmoja anamwuliza kama huko alikotoka kulinyesha mawe. Kemboi anacheka pia, na kicheko hicho kiweke vizuri, maana hutakisikia tena.

Alikuwa ametoka Ulaya. Wala si ile Ulaya ya picha za kalenda. Alikaa mashambani, kaskazini mwa Uingereza, kwenye vilima vya mawe na upepo, miaka mitatu, akichunga kondoo.

Mambo yalianza hivi. Kemboi alikuwa mchunga kondoo kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Keringet, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Fimbo kwa sababu alichechemea kwa mkongojo tangu vita. Baba yake Bwana Fimbo alipofariki huko kwao, mama yake mzee akabaki peke yake na kondoo mia nne. Bwana Fimbo akaacha shamba mikononi mwa jirani, akasema anakwenda kumsaidia mama, na Kemboi atakwenda naye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemjua kondoo mgonjwa kabla kondoo mwenyewe hajajua.

Kule Kemboi aliona mambo. Alimwona Bwana Fimbo, ambaye Keringet hakuwahi kuinua hata tandiko la farasi wake, akizoa samadi kwa koleo mpaka viganja vikapasuka. Jioni ya kwanza Kemboi alichukua sahani yake akaanza kutafuta mahali pa kukaa nje. Yule mama mzee akamvutia kiti.

"Nyumba hii ina moto mmoja na meza moja," alisema. "Keti."

Akaketi, kando ya Bwana Fimbo, kiwiko kwa kiwiko. Miaka mitatu wakala kutoka sufuria moja, wakapitishiana chumvi.

Majirani walimtazama kwanza kama mtu wa maonyesho. Siku moja kondoo jike alifiwa na mtoto, nao wakamchuna yule aliyekufa, wakamvisha ngozi yake mwana-kondoo yatima ili jike amnuse na kumkubali. Wakangoja Kemboi ashangae. Yeye akawaambia kwamba kwao ndama akifa ngozi yake huhifadhiwa, hupakwa chumvi, na ng'ombe huilamba ndipo maziwa yashuke. Kuanzia hapo akawa Mista Kemboi. Ile ngozi, baada ya siku tatu waliivua, na jike hakujali tena. Mtoto alikuwa wake.

Usiku mmoja wa baridi yule mama alipolala mgonjwa, alimpa Kemboi koti la marehemu mumewe. Na asubuhi moja mezani akamwuliza, kwa Kiingereza cha pole pole, kama kule Kenya pia yeye na mwanawe hula pamoja namna ile.

Kemboi akamgeukia Bwana Fimbo. Bwana Fimbo akainamia uji wake.

"Vivi hivi, mama," alisema.

Mama bado alikuwa akimtazama Kemboi, akingoja. Kemboi akaitikia kwa kichwa. Alidanganya kwa ajili ya mtu yule, mbele ya mwanamke pekee wa Kizungu aliyemheshimu. Mama alipofariki, Kemboi na Bwana Fimbo walilibeba jeneza lake pamoja na majirani wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Shamba likauzwa, wakarudi.

Sasa turudi Molo. Lori la jirani liliwapokea stesheni, likawafikisha Keringet mchana. Kwenye veranda Wazungu wanne walikuwa wameshika glasi, wakimngoja mwenzao. Kemboi akateremka, akabeba sanduku, akapanda ngazi nyuma ya Bwana Fimbo kama alivyozoea kupanda nyuma yake miaka mitatu. Bwana Fimbo hakugeuka.

"Kemboi, pitia nyuma. Na hilo koti, vua. Unachekesha watu."

Alisema kama mtu anayefukuza kuku. Kemboi akaliweka sanduku pale pale kwenye ngazi, akazunguka. Jikoni mpishi Owino akamkaribisha chai kwenye kikombe cha bati, akamtania kwamba Mzungu wa Keringet amerudi, ataomba kijiko cha fedha. Kemboi hakugusa ile chai. Hasira ilikuwa imemjaa. Angeweza kumsamehe mtu aliyesahau. Huyu hakusahau. Huyu aliijua meza, akajua na uongo, akajua na nani aliubeba kwa niaba yake. Tena Kemboi alijikasirikia mwenyewe, kichwa chake mwenyewe kilichoitikia mezani. Siku tatu zilimtosha kondoo. Mtu huyu miaka mitatu haikumtosha.

Mkewe Chepkurui alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu la maana.

"Baba Kipkemei, tuna watoto wanne na ng'ombe tisa kwenye ardhi ya mtu huyu. Akikufukuza leo, kesho tunalala barabarani Sachangwan. Pitia nyuma."

Alisema kweli, na ukweli huo ulimchoma Kemboi kuliko yote.

Asubuhi Owino akaja mbio. Kondoo wanazaa, jike wa kwanza amemkataa mtoto, na Bwana anamtaka Kemboi upesi. Yuko mezani, anakula. Kemboi akanawa uso. Akalivaa koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akapita jikoni bila kusimama, akazunguka nyumba, akapanda zile ngazi.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na meza ndefu, viti sita, na mtu mmoja. Bwana Fimbo akainua macho, akaliona koti la baba yake mlangoni. Kijiko kikasimama hewani.

"Mama yako aliniuliza swali," Kemboi alisema, "nami nikamjibu kwa ajili yako. Leo nataka jibu lile liwe kweli."

Bwana Fimbo aliweka kijiko chini. Masikio yalikuwa yamemwiva mekundu.

"Mlango wako unaujua, Kemboi."

Kule zizini mwana-kondoo alikuwa akilia njaa. Kwenye nyumba za wafanyakazi Chepkurui alikuwa amesimama nje, mkono kifuani, akitazama mgongo wa koti. Na Kemboi ana mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wewe uliyekuja naye tangu stesheni, ungemwambia auhamishe upi: ule wa nje uingie, au ule wa ndani utoke?