Mdoezi wa Ukuta wa Kusini

Hilja Turtiainen alipika supu ya njegere katika shule ya kijiji kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu akahamia chumba cha uani kwa kaka yake Aarne, huko mkoani Savo, akaanza kukusanya nyigu. Watu walimcheka kidogo, kisha wakazoea.

Nyigu aliyempenda kuliko wote hakuzidi punje ya mchele: kijani cha kung'aa, mkiani mwekundu. Huyu hajengi wala hahangaiki. Humvizia nyuki anayetaga peke yake katika matundu ya magogo, na nyuki akitoka kidogo tu, yeye huingia kinyumenyume, hutaga yai lake na kwenda zake. Mtoto wake hula akiba yote, kisha humla na mtoto wa mwenye nyumba. Hilja akamwita mdoezi. Miaka minane alimwona kwenye ukuta wa kusini wa ghala kuukuu la magogo la Aarne, na miaka minane chama cha wakusanyaji wadudu hakikumwamini, kwani kwao mdudu asiyeuawa na kuchomwa pini hayupo. Naye hakuwa na moyo wa kumuua.

Kiangazi cha mwaka huo wa nane Aarne alimpata mtu wa mjini anayetafuta magogo ya zamani ya kujengea sauna. Lori lingekuja Ijumaa. Wakinywa kahawa, Hilja akamwambia kwamba ukuta ukienda, na mdoezi ataenda.

"Wadoezi mnajuana," Aarne akasema, akichovya mkate mtamu.

"Sikutanii, Aarne."

"Basi niletee barua ya mtu anayejua, iseme hapatikani kwingine. Nikiiona, ghala libaki mpaka lioze lenyewe. La sivyo, Ijumaa ni Ijumaa."

Jumanne jua likawaka. Desturi ya wakusanyaji Hilja aliijua fika: chukua dume, jike mwache atage. Akakaa kwenye benchi mbele ya ukuta tangu asubuhi, asione kitu. Saa tisa alasiri akatokea mmoja, na Hilja, mwenye kuwakumbusha wenzake desturi hiyo kila mkutano, hakungoja kumtazama vizuri. Akamfunika kwa wavu. Nyigu akajikunja kidonge, kama wafanyavyo wakiogopa. Akamtia kwenye chupa, akaiweka ndani ya friza katikati ya matunda ya msituni, afe kwa baridi, kisha akakaa jikoni akijichukia.

Kesho yake akapanda basi kwenda kwa Ensio, mwalimu mstaafu ambaye chama kizima kilimtegemea kwa mambo ya nyigu. Ensio akachungulia kwenye hadubini kwa muda mrefu, akamwomba radhi, akaandika barua papo hapo: ndiye, na hakuna mwingine aliyewahi kuthibitishwa nchini. Chini akaongeza mstari mmoja: jike, mayai bado tumboni.

Aarne aliisoma mara mbili, akampigia simu mtu wa magogo, akamwambia biashara hakuna. Ni mgumu, lakini akisema amesema.

Kiangazi kilichofuata nyuki walirudi kwenye matundu yao. Hilja alikaa benchini Juni yote, Julai yote. Katikati ya Agosti Aarne, ambaye hana desturi ya kukaa bure, akaja kuketi kando yake.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aarne akautazama ukuta wake. "Labda mwakani."

"Miaka minane nilikuwa naye, na hakuna aliyeniamini," Hilja akasema. "Sasa wananiamini wote."